Kompyuta Isiyo na Uso

Mong'ina wa Keumbu alipata riziki yake kutoka kwa wafu, na kwa njia ya halali kabisa. Alikuwa akiwachapa.

Mtu akifariki popote kati ya Nyakoe na mashamba ya chai ya Itumbe, jamaa zake walikuwa na haraka ya kutafuta jeneza, hema na Mong'ina. Wauza majeneza walikuwa wengi, na wakodisha mahema pia. Wachapaji nao walikuwepo mjini Kisii, vijana wa kuvaa tai, lakini vijana hao waliandika majina ya watu jinsi yalivyowajia, na hapa kwetu jina lililokosewa kwenye historia ya marehemu ni kesi ya shamba iliyoanza kuchemka.

Historia hiyo husomwa kaburini kabla jeneza halijashushwa: marehemu alizaliwa na nani, ndugu zake ni akina nani, alioa nani na nani, akajaliwa watoto gani, kwa mpangilio. Watu waliosinzia mahubiri yote huamka hapo. Husikiliza kama wanafunzi wanaosomewa matokeo ya mtihani. Asiyetajwa siku hiyo anaweza kuja kusimama mbele ya chifu akiwa na mvi kichwani, akidai kipande chake cha ardhi, na mtu atoe mfukoni karatasi iliyokunjwa na kumwuliza kwa upole kabisa: jina lako liko wapi hapa?

Mong'ina hakukosea majina. Alikuwa amejifunzia kazi hiyo katika ofisi ya serikali kule Nyamira, akichapa barua za maofisa ambao wengi wao hawakuzisoma, mpaka serikali ilipogundua ghafla kwamba ina watumishi wengi mno na ikaanza na wale waliokuwa wakifanya kazi. Alirudi Keumbu na kiinua mgongo, akanunua kompyuta na printa, akafungua chumba kando ya barabara, mbele ya shamba lake la ndizi. Mumewe, Mogire, dereva wa lori la majani chai, alikuwa amefariki zamani kidogo. Binti yao, Linda, alikuwa shule ya bweni upande wa Nyamira. Ng'ambo ya ua aliishi shemeji yake Ombui, kaka mkubwa wa Mogire, pamoja na mkewe Nyanchera.

Kwa hiyo Mong'ina alikuwa mjane, mwenye kazi yake, asiyeomba mtu chumvi. Hayo tu yalitosha kumtia mtu mashakani hata bila umeme. Miaka michache nyuma, katika vilima hivi hivi, watu walikuwa wamechomwa ndani ya nyumba zao kwa kosa la uchawi. Wengi walikuwa wazee, wengi walikuwa wanawake, na si wachache walikuwa na mashamba yenye mipaka mizuri. Neno lenyewe, omorogi, halikuhitaji kutamkwa. Lilianza kwa watu kuacha kukusalimia.

Mashine ya pili iliingia kwa sababu ya wezi. Mvua za El Nino zilikuwa zimeharibu barabara, polisi walikuwa na kisingizio kizuri cha kutofika popote, na vyumba vya sokoni vilikuwa vikivunjwa milango. Mong'ina hakuogopa sana kuibiwa kompyuta. Aliogopa kuibiwa koo za watu. Kazi yake yote ilikuwa ndani yake, boma kwa boma, na zile disketi alizokuwa akihifadhia nakala zilikuwa zimeota ukungu kwa unyevu.

Alimwendea Pratik, kijana wa familia moja yenye duka la vyuma mjini Kisii. Pratik alikuwa ametoka chuo cha kompyuta Nairobi na kumnunulisha baba yake mashine mpya. Ya zamani ilikuwa chini ya kaunta, ikibeba maboksi ya misumari.

"Hii Mama nitakufanyia seva," Pratik alisema, akiipangusa vumbi. "Unaweka nyumbani, chumba ya kulala. Ile ya dukani ni ya kuandika tu. Mafaili yote inalala hapa. Mwizi akibeba ile ya duka, amebeba televisheni."

"Na skrini yake?"

"Skrini ya nini? Hii haina kitu ya kuonyesha mtu. Kazi yake ni kushika."

Alikuja Keumbu na waya mweusi wa mviringo, akautoa kwenye dirisha la chumba cha kulala, akaupitisha juu ya migomba, kando ya ua wa Ombui, hadi dukani. Kila ncha aliivisha kofia ndogo ya chuma na kuonya kwamba kofia moja ikitoka, mashine zote mbili hazitasikizana. Kisha akaiwasha. Ilianza kunung'unika, kwa sauti nyembamba isiyopanda wala kushuka.

"Sasa sikia, Mama. Diski ya hii ni mzee sana. Ikisimama inaganda. Usizime. Stima ikipotea na irudi, ikikataa kuamka, piga hapa ubavuni. Si kwa hasira. Kama unaamsha mtoto wa kwenda shule."

"Na ikigoma kabisa?"

"Basi," alisema Pratik, akikunja bisibisi zake. "Imekwenda na watu wako wote."

Alikuwa anatania. Umri wake ulimruhusu.

Kwa miezi kadhaa seva ilifanya kazi kuliko kitu chochote cha umma katika wilaya zote mbili, Kisii na Nyamira. Mong'ina aliketi dukani, akaita jina la boma, na boma lilikuja kupitia migombani. Kila familia ilikuwa na faili lake, na ndani yake wazee, wake, watoto, wakwe, mitala ya wazi na ile ya siri iliyojitokeza siku ya mazishi. Kifo cha kwanza katika boma kilimchukua asubuhi nzima. Cha pili kilikuwa rahisi: alimhamisha mtu mmoja kutoka orodha ya walioachwa na kumpeleka juu kabisa ya ukurasa.

Kisha, baada ya mvua, ikaja malaria. Huku juu kwenye baridi hatukuwa tumeizoea, na ilitukuta kama mgeni anayekuta mlango wazi. Wodi zilijaa mpaka wagonjwa wakalala sakafuni. Mahema yalihama kutoka ua mmoja hadi mwingine bila kurudi kwa mwenyewe. Printa ya Mong'ina ililia mchana kutwa, na watu waliosubiri barabarani walianza kugundua kwamba walikuwa wakisubiri muda mfupi sana.

Siku ambayo mambo yaliharibika, aliyekuja alikuwa Onyancha, mwalimu wa shule ya msingi. Baba yake alikuwa amefariki alfajiri hiyo. Alikuwa amejiandaa, kama inavyotakiwa, kukaa na mchapaji nusu ya siku, kutaja majina, kusahau, kukumbuka, kulia kidogo, kubishana na wajomba kuhusu nani alizaliwa kabla ya nani. Hiyo ni sehemu ya msiba. Huwezi kuiruka, kama usivyoweza kuruka chai.

"Pole sana, mwalimu," alisema Mong'ina. "Ni mzee mwenyewe?"

"Ni mzee."

Aliita faili. Mwaka uliopita alikuwa amemchapa mke wa pili wa mzee huyo. Akageuza, akapandisha, akabonyeza. Chai ya Onyancha ilikuwa bado inatoa moshi alipowekewa karatasi mkononi. Kila mtu alikuwepo: nyumba ya kwanza, nyumba ya pili, wajukuu, mkwe wa Nyakoe ambaye hata Onyancha alikuwa amemsahau. Juu kabisa palikuwa na jina la baba yake, kwa herufi nzito.

Mong'ina alijivunia. Alifikiri kwamba amemwondolea mtu mzigo.

Onyancha alisoma mpaka mwisho. "Mama Linda," alisema, "hii uliiandika lini?"

"Sasa hivi. Si umeniona?"

"Nimekuona." Aliikunja karatasi, hakumaliza chai, akashika njia.

Kosa la Mong'ina lilikuwa kasi. Hapakuwa na jingine. Mahali ambapo kifo huzungumzwa wiki nzima kabla hakijaaminika, mwanamke huyu alikuwa nacho tayari, kimepangwa na kunyooshwa, kikisubiri jina tu. Kufikia jioni soko lote la Keumbu lilikuwa na habari kwamba Mong'ina huwa na wafu wa kesho.

Mengine yalijipanga yenyewe, kama vyuma kwenye sumaku. Ile mashine ya chumbani haina uso. Hailali. Stima ikirudi, mwenyewe huipiga makofi na kuisemesha; aliyeuza maziwa alimsikia akiiambia "amka, amka, watu wanangoja." Na ule waya mweusi unapita wapi? Unapita kando ya ua wa Ombui. Na Ombui ana nini siku hizi?

Ombui alikuwa amevimba tumbo na kugeuka rangi ya njano.

Nyanchera alikuja mchana wa saa nane, wakati ambapo watu wenye haya huja. Alikuwa mkubwa kwa Mong'ina na kwa kawaida aliingia bila hodi. Siku hiyo alibisha.

"Dada Nyanchera, tangu lini unabisha kwangu?"

"Nimekuja na shida, Mama Linda. Usinicheke."

"Sijacheka tangu ile El Nino."

Nyanchera aliketi pembeni ya kiti. "Ombui yumo?"

"Yumo wapi?"

"Humo." Aliinua kidevu kuelekea ule waya.

Mong'ina angeweza kusema hapana. Lakini alikuwa mchapaji, na wachapaji wana udhaifu wa kusema kilichopo. "Yumo. Nilipomwandika Mogire, si ilibidi niandike ndugu zake? Wewe mwenyewe umo. Linda yumo. Mimi nimo."

"Mtoe."

"Dada, ni maandishi tu. Hata kwenye Biblia ya familia yako ameandikwa."

"Biblia haiungurumi. Mtoe, mwenzangu. Nakuomba, mimi ambaye nilikupokea siku ulipoolewa hapa."

Mong'ina alimhurumia. Aliita faili kwenye skrini, akamwonyesha jina, akalifuta mbele ya macho yake. Nyanchera alishusha pumzi kama aliyetua mtungi. Kesho yake alileta mkungu wa ndizi, na siku iliyofuata Ombui aliamka, akanywa uji, akatukana jogoo.

Hilo ndilo lililommaliza Mong'ina. Kama Ombui angebaki alivyo, labda watu wangesema ni upuuzi. Lakini alikunywa uji. Na mtu anayeweza kukutoa, kila mmoja alijua kwamba anaweza pia kukuingiza.

Wakaanza kuja. Walikuja kwa adabu, mchana, mmoja mmoja, na kuku chini ya kwapa au mayai kwenye kitambaa. Walianza na salamu, bwakire, Mama Linda, hivi sisi tumo? Tutoe, tafadhali. Huyu mtoto ana homa, mtoe kwanza huyu. Alijaribu kueleza, kisha akachoka kueleza, kisha akawa anafuta tu, na kila aliyefutwa alikuwa shahidi mmoja zaidi kwamba kulikuwa na kitu cha kufutwa. Alikuwa akiharibu kazi yake ya miaka kwa mikono yake mwenyewe, na hapakuwa na hata mmoja aliyerudi nyumbani akimpenda zaidi. Waliorudi wazima walimwogopa. Waliopoteza mtu baadaye walisema alifuta kwa nusu moyo.

Gibson alikuja bila kuku. Alikuwa mdogo wa Onyancha kwa baba, mtoto wa nyumba ya pili, kijana wa koti la ngozi aliyeuza redio na vipuri asivyoulizwa vilikotoka. Alifunga mlango nyuma yake. Shamba la marehemu baba yao lilikuwa linasubiri kugawanywa, na Onyancha, kama mkubwa, ndiye angeshika kamba ya kupimia.

"Aunti," alisema, "wote wanakuja kutoa. Mimi nataka kuweka."

"Kuweka nini?"

"Ile karatasi ya baba bado unayo. Muinue mwalimu. Muweke juu, pale pa herufi nzito. Halafu uiache tu hapo, usiprinti."

Mong'ina alimtazama. Katika kazi yake alikuwa ameona huzuni ya kila namna, na hii haikuwa mojawapo.

"Gibson, toka."

"Si nimesema tu? Unakuwa mkali ya nini?"

"Mimi naandika waliokufa. Toka nje kabla sijamwita kaka yako."

"Ukimwita utamwambia nini?" Gibson alicheka kidogo. "Kwamba mtu amekuja kwako kuagiza? Eh, aunti. Mwambie. Sema hivyo hivyo."

Alikuwa na akili, yule kijana, na hakuwa na kazi nyingine ya kuitumia. Mong'ina hakumwita Onyancha. Gibson hakungoja. Siku hiyo hiyo alikaa kwa kinyozi na kusema, kwa masikitiko, kwamba kuna watu wamekwenda kwa Mama Linda kuagiza vifo, hawezi kuwataja, na kwamba yeye binafsi amekataliwa hata kuulizia jina lake mwenyewe. Wiki hiyo salamu zilikwisha. Mong'ina alisema bwakire barabarani na barabara haikujibu.

Aliyekuja kumwokoa alikuwa Ishmael, mzee wa kanisa la Wasabato, mtu mwema, na huo ndio ulikuwa ubaya wake. Alikuja Alhamisi akiwa amevaa koti la Sabato.

"Mama Linda, ile kitu yako ya chumbani. Ijumaa jua likizama, inafanya nini?"

"Inawaka tu, mzee. Haifanyi kazi."

"Inawaka bila kazi?"

"Kama friji."

"Mimi sina friji," alisema Ishmael. Aligeuza kofia mikononi. "Sikiliza, binti yangu. Watu wanaongea."

"Watu wa Keumbu wasipoongea watavimba."

"Zamani walikuwa wanaongea kwa kelele. Sasa wanaongea polepole. Mimi nilikuwepo miaka ile. Kabla ya moto watu huongea polepole."

Mong'ina aligeuka kuutazama ule waya.

"Izime," alisema mzee. "Kesho, mbele yao. Tutaomba, tuiweke Sabato mikononi mwa Bwana, na wataona ni chuma tu."

"Ikizimwa haitaamka, mzee. Kila kitu nilichoandika kimo humo."

"Na wewe umo katika nyumba hiyo," alisema Ishmael. "Chagua."

Ijumaa alasiri walijaa sebuleni na uani. Nyanchera alikuwepo, Onyancha alisimama mlangoni, Gibson aliegemea mgomba. Mtu alikuwa amekuja na panga, akaulizwa la nini, akasema ni la waya. Mong'ina aliwafungulia mlango wa chumba chake cha kulala, jambo ambalo hakuna mwanamke wa hapa aliyewahi kufanyia umati, na wote waliiona: sanduku la rangi ya maziwa yaliyochacha, juu ya kigoda, limefunikwa kitambaa cha kufumwa. Baadhi walionekana kuvunjika moyo.

Alibonyeza swichi. Ule mnung'uniko, ambao kwa miezi mingi haukupanda wala kushuka, ulishuka. Ulishuka taratibu, ukawa mzito, ukakwaruza, ukakata. Waliokuwa mbele waliwakanyaga waliokuwa nyuma.

Ishmael aliomba kwa urefu. Alimshukuru Mungu kwa chuma na kwa hekima. Aliposema amina, sauti ya mwanamke mmoja ilitoka katikati ya umati, wala haikuwa na uadui, ilikuwa inauliza tu:

"Sasa wale waliokuwa ndani wamekwenda wapi?"

Mzee alivaa kofia yake, akawaambia watu waende wakajiandae kwa Sabato.

Ombui alizidiwa siku ya Sabato, akapelekwa hospitalini Kisii, na Jumapili asubuhi akafariki. Daktari alisema ini. Keumbu ilisema Ijumaa.

Mong'ina aliposikia, jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kwenda kwa Nyanchera kulia naye. Alikuta wanaume wamesimama kwenye lango la ua. Gibson alikuwa miongoni mwao, akieleza, kwa utulivu wa mtu anayefundisha.

"Alimfungia ndani akazima," alikuwa akisema.

"Nilimfuta!" alisema Mong'ina. "Dada Nyanchera aliona kwa macho yake. Jina halimo!"

"Aliona wapi, aunti?"

"Kwenye skrini."

"Skrini ya dukani. Ile yenye uso." Gibson aliwageukia wenzake. "Kwenye ile isiyo na uso, nani aliona?"

Hapakuwa na mtu aliyeona. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, kama Pratik alivyosema: haina kitu ya kuonyesha mtu. Mong'ina alirudi nyumbani mbio, akachomeka, akabonyeza. Taa ndogo iliwaka. Aliipiga ubavuni, kama anayeamsha mtoto wa shule. Kisha kama anayeamsha mlevi. Kisha akapiga kwa ngumi mpaka kitambaa cha kufumwa kikaanguka. Alitaka tu kulifungua faili la boma la mumewe mbele yao, waone palipokuwa na jina la Ombui na sasa hapana kitu. Diski haikuzunguka. Ushahidi wake wote ulikuwa umeganda ndani ya sanduku.

Jumatatu alikwenda mjini kwa Pratik, ambaye alijua kilichoipata mashine bila hata kuifungua.

"Nilikuambia usizime, Mama."

"Wazee waliniambia nizime."

"Wazee wanajua diski?" Kisha alimtazama usoni na akaacha utani. "Usirudi. Juu ya duka kuna chumba. Baba hatasema kitu."

"Nikihama kabla ya mazishi nimekubali. Ni shemeji yangu, Pratik. Lazima nikae pale."

Alikaa akingoja waje. Hiyo ilikuwa desturi na ilikuwa pia tumaini lake: kwamba mtu wa boma angekuja, aketi, aanze kutaja majina, na yeye angeyaandika polepole kabisa, angeuliza hata yale anayoyajua, angekosea makusudi. Jumanne ilipita. Jumatano aliona hema likiwekwa ng'ambo ya ua. Waya mweusi ulikuwa umekatwa vipande vifupi na kupangwa juu ya kizingiti chake, vizuri, kama kuni.

Mazishi yalikuwa Alhamisi. Alivaa nguo nyeusi, akaenda mchana kweupe kupitia lango la mbele, akaketi kwenye kiti cha plastiki mwisho wa safu. Viti vya jirani vilibaki vitupu, ingawa watu walikuwa wamesimama juani. Vijana wa huduma waligawa karatasi. Yeye hakupewa; aliichukua iliyokuwa imeachwa kwenye kiti cha mbele yake.

Ilikuwa imechapwa mjini. Aliona hilo upesi, kwa jicho la kazi, hata kabla hajaona jingine. Mistari haikusawazishwa. Jina la mama mkwe wake lilikosa herufi. Kisha mpwa wa marehemu akaanza kusoma, na watu wakaamka.

Marehemu Ombui alikuwa mwana wa fulani na fulani. Alikuwa kaka yao fulani na fulani. Mong'ina alifuata kwa kidole. Msomaji alipita ndugu mmoja, akapita wa pili, akaingia kwa madada. Mogire hakutajwa. Kaburi la Mogire lilikuwa pale pale, ng'ambo ya ua, linaonekana kutoka kwenye hema, na maua aliyoyapanda Linda yalikuwa yamechanua. Msomaji akaenda kwa mashemeji. Mong'ina hakuwemo. Akaenda kwa wapwa na watoto wa ndugu, mmoja mmoja, hadi kichanga cha mwaka huo. Linda hakuwemo.

Halikuwa kosa la kijana wa tai. Kijana wa tai huandika anachoambiwa. Watu wazima walikuwa wameketi, wakataja majina, na walipofika hapo wakavuka, kwa makubaliano, na kila mtu chini ya hema lile alisikia walipovuka. Hakuna aliyegeuka kumtazama. Hilo ndilo alilolielewa kuliko yote.

Wimbo ulipoanza alisimama. Ilibidi apite karibu na Nyanchera, aliyekuwa ameketi chini mbele ya jeneza, kichwa kimefunikwa. Nyanchera hakuinua macho.

"Linda anafunga shule lini?" aliuliza, kama anayezungumza na nyasi.

"Wiki ijayo."

"Asije."

Mong'ina aliendelea kutembea. Hakupita nyumbani. Alifika barabarani akiwa na kipochi na ile karatasi, akashika njia ya Nyamira.

Nyumba ilichomwa alasiri hiyo, baada ya watu kula. Kuku walitolewa kwanza, na mbuzi, na sufuria kubwa ambayo ilikuwa mali ya kanisa. Walioingia kutoa vitu hivyo walimtafuta mwenyewe chumba kwa chumba, na mpaka leo haijulikani vizuri walikuwa wanamtafuta ili wamtoe au vipi. Ishmael alikuwa amerudi kwake kupumzika.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama alipofika kwenye lango la shule. Askari alikuwa mtu wa Nyamira, mpole, asiyejua lolote.

"Mama, siku ya kutembelea ni Jumapili."

"Nimekuja kumchukua Linda Mogire. Kidato cha pili."

"Kuna msiba?" Aliangalia nguo yake nyeusi, akashusha sauti. "Pole. Nani amefariki?"

Mong'ina aligeuka kutazama barabara aliyokuja nayo. Gari moja lilikuwa linapanda mlima taratibu kutoka upande wa Keumbu, taa zimewashwa mapema.

"Bado," alisema. "Niitie mtoto. Haraka."